Maporomoko ya Wesonga

Mume wangu Wesonga ni mtu mzuri lakini ni mwongo. Si mwongo wa wanawake wala wa pombe, huyo ningekuwa nimemrudisha kwao zamani na mabegi yake. Uongo wake ni mmoja tu, na uko ukutani kwetu hapa mtaani Satellite, umetandazwa kutoka dirishani mpaka mlango wa jikoni, nyuma ya viti. Ni pazia kubwa la turubai lililochorwa maporomoko ya maji. Mgeni akiingia, hata chai hajaonja, atasema tu, "Wee! Na hii ni wapi?"

Wesonga, bila haya hata kidogo, atamjibu: "Hiyo ni Aberdare. Nilipanda mwenyewe, nikaichora nikiiangalia."

Alipanda wapi? Mtu amezaliwa Kawangware, kwao Busia ni tambarare tupu, na mlima pekee aliowahi kuupanda ni ngazi za jengo moja la River Road, mpaka juu kabisa palipokuwa na studio ya picha ya Karanja. Hapo ndipo alipolichora hilo pazia, mwaka ule tuliooana, na mimi ndiye niliyemshikia kalenda. Ndiyo, kalenda! Ilikuwa ya kampuni ya maziwa ya unga ya ng'ambo, ukurasa wa Agosti. Maporomoko yenyewe yalikuwa ya nchi fulani ya baridi, yanashuka ngazi tatu, na miti ya Krismasi imesimama kila upande. Wesonga alinakili kila kitu, pamoja na hiyo miti. Kwenye maji kulikuwa na ndege mweupe wa shingo ndefu ambaye hakumjua, kwa hivyo akamwondoa akaweka anayemjua, lile dege lenye kipara linalokaa kwenye miti ya barabarani kule karibu na uwanja wa Nyayo. Ukiangalia pazia letu vizuri utaliona, chini kulia, limesimama ndani ya maji linangoja takataka.

Watu walilipenda pazia hilo vibaya sana. Maharusi, askari wa usiku, wasichana wa kazi za nyumba, wanakwaya na majoho yao, wote walipigwa picha mbele yake wakazituma nyumbani. Karanja alikuwa wa kamera, Wesonga alikuwa wa kupanga watu. "Kidevu chini kidogo. Mama, mkono kwa kiuno. Usicheke sana, meno yatakula picha." Wakimuuliza hapo nyuma ni wapi, angesema nini, kalenda ya maziwa? Alisema Aberdare. Mara ya kwanza alisema hivyo tu. Baadaye akaongeza kwamba alienda kwa miguu. Binti yetu Joyline alipofika umri wa kusikiliza hadithi, babake alikuwa ameshafukuzwa na nyati, amelala pangoni, na amekunywa maji ya mvua kutoka kwenye jani.

Mimi nilinyamaza. Mtoto ameketi mdomo wazi, uji unapoa, macho yanatoka kwa babake yanaenda kwa pazia, yanarudi kwa babake. Wewe ungesema nini?

Kisha simu zikaja na kamera zake, studio ikafungwa, na Karanja akampa Wesonga pazia liwe lake. Siku hizi Wesonga huandika kuta. Ukipita Kawangware ukaona kichwa cha mwanamume kimechorwa kwenye kinyozi, na sikio moja liko juu kuliko lingine, ujue ni mkono wa mume wangu. Joyline alikua, akasoma, akapata kazi ya bima Kilimani. Kila Jumamosi yuko mlimani na kikundi chao, wanaongozwa na kijana mmoja Mkamba mpole anaitwa Mutiso. Ngong, Longonot, Elgon, huyo ameenda. Anarudi na matope mpaka kwenye nyusi. Nilidhani ni ujana tu, au labda ni Mutiso.

Jumapili moja tunakula, akaweka kijiko chini.

"Baba, nimeipata."

"Umepata nini, mama?" Wesonga humwita hivyo tangu azaliwe, kwa sababu amerithi jina la mama mkwe wangu, Nakhumicha.

"Maporomoko yako." Akamsukumia simu. "Karuru. Iko ndani kabisa ya Aberdare. Angalia, inashuka mara tatu, moja, mbili, tatu, kama yako! Miti ndio imebadilika, lakini si ni miaka mingi? Watu wanakata miti."

Wesonga aliishika ile simu kama mtu ameshikishwa mtoto wa wenyewe. Mimi nikaangalia sahani yangu.

"Baba, unadhani nimekuwa nikipanda hii milima yote nikitafuta nini?" Joyline alikuwa anacheka lakini macho yalikuwa yamelowa. "Waliniambia Aberdare hakuna miti kama hiyo yako, nikadhani ulisahau jina la mlima. Nimeenda Nyahururu, haikuwa. Nimeenda Thika, haikuwa. Kila mahali nikifika natoa picha ya pazia nalinganisha. Hata Mutiso amechoka na mimi. Sasa nimeipata, na nimewalipia, wewe na Mama. Utatuonyesha mahali ulisimama ukichora."

"Aberdare ni mbali," Wesonga akasema.

"Si ulienda kwa miguu?"

Nilikohoa maharagwe. Ilibidi niende jikoni.

Wesonga alinifuata huko baada ya muda, akafunga mlango, akasimama karibu na jiko na mikono mfukoni. Mtu huyu nimeishi naye miaka yote hii na sikuwa nimemwona hivyo, hata siku studio ilipofungwa.

"Mama Joy, nifanye nini?"

"Mwambie ukweli. Yuko hapo, anakula ovakado."

"Nikimwambia, ataniangalia aje?"

"Na macho."

"Usinichezee, Vero." Anaponiita Vero najua mambo ni mazito. "Hapa nje mimi ni fundi wa kuandika kinyozi. Watu wananicheka hayo masikio, unadhani sijui? Huyu mtoto peke yake ndiye ameniona mtu. Nikimwambia hilo pia ni uongo, nitabaki na nini kwake?"

Nilitaka kumpa maneno, na nilikuwa nayo mengi, nimeyaweka akiba. Lakini sauti yake ilikuwa imeisha, na nikamhurumia. Nikamwambia anywe maji akae chini, na twende tu, Mungu atajua.

Basi akaanza kuugua. Jumatatu goti. Jumanne mgongo. Joyline akamletea kitambaa cha goti na dawa ya kuchua, na kwa vile hakumshuku hata kidogo, akasema ni mazoezi tu yanakosekana. Jumamosi iliyofuata akatutembeza Barabara ya Ngong mpaka Karen, kule kwenye nyua ndefu na miti mikubwa, na Wesonga akachechemea njia nzima akishika goti la kulia. Tukirudi akachechemea akishika la kushoto.

"Baba Joy," nikamwambia chinichini, "ugonjwa wako umehama."

Akaliangalia goti, akabadilisha haraka. Joyline alikuwa mbele, hakuona kitu. Akamnunulia viatu vya mlima huko soko la Toi, vya mtumba lakini imara, vya rangi ya chungwa, na jioni hiyo nilimkuta mzee amevivaa sebuleni, amesimama mbele ya pazia lake, ananyanyua mguu mmoja baada ya mwingine.

Siku yenyewe tuliondoka mjini alfajiri, baridi inauma masikio. Kikundi kilikuwa cha vijana wenye chupa za maji za kila rangi, na mimi nilikuwa na kikapu cha nduma, mayai na chapati, kwa sababu siwezi kwenda mahali na watoto wa watu wakale biskuti. Hatujatoka hata Westlands, Joyline akasimama ndani ya gari.

"Jamani, huyu ndiye Baba. Ndiye alipanda Karuru kabla sisi wote hatujazaliwa, bila barabara, bila hata Google, akaichora na mkono."

Wakampigia makofi! Msichana mmoja anaitwa Stacy, mwenye simu kwenye kijiti, akamgeuzia simu usoni. "Mzee, tuambie ya nyati."

Mume wangu aliniangalia. Nikaangalia nje, sikumsaidia. Akaanza kusimulia ya nyati polepole, kama mtu anakula chakula cha jana, na vijana wakashangilia, na yeye alipoona wanashangilia akasahau shida yake akaongeza nyati wa pili. Nilimkanyaga.

Tulipanda Kinangop, tukapita langoni, na askari wa mbuga mwenye bunduki akaungana nasi. Tulipoachana na gari tukaanza kutembea, na hapo nikakoma kucheka kidogo. Sikuwa najua kwamba Kenya ina mahali kama hapo. Nilidhani mlima ni kitu kimesimama unakipanda, kumbe huko juu ni nchi nyingine kabisa, pana, nyasi zimejikunja mafungu mafungu ya rangi ya simba, ukungu unatembea juu yake pole, na kimya. Mimi ni mtu wa Satellite, sijasikia kimya tangu nihamie. Hakuna redio ya jirani, hakuna boda, hakuna mhubiri. Nilisikia damu yangu mwenyewe masikioni. Mavi ya ndovu yalikuwa njiani, mabichi, yanafuka moshi, na Mutiso akatuonyesha kwa kidole tu bila kusema neno. Kila mtu alikuwa ananong'ona na hakuna aliyetuambia tunong'one.

Baada ya hapo tukaingia kwenye msitu. Miti mizee imepinda, imevaa ndevu ndefu za kijivu kila tawi, na chini ni matope meusi yanayovuta kiatu. Wesonga alikuwa anatembea vizuri sana, magoti yote mawili. Alikuwa anagusa kila kitu, gome, ndevu za miti, majani, anasugua vidole, ananusa.

Njia ilipogawanyika, Mutiso akasimama akatabasamu. Hana ubaya huyo kijana.

"Mzee, hapa tunakupa heshima. Tuongoze wewe."

Watu wote wakageuka. Stacy akainua kijiti. Joyline alikuwa ameshika mikono kifuani kama mtu anasubiri jina lake litajwe kwa mahafali. Na Wesonga, Mungu amsamehe, akanyoosha mkono wake kushoto kwa uhakika wote wa dunia. Nilimwona askari akifungua mdomo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejua kushoto kuna nini, na si maji.

"Mayi wee!" nikapiga kelele, nikakaa kwenye matope. "Mguu wangu! Mguu!"

Wote wakanikimbilia. Mguu wangu haukuwa na kitu. Nilipapaswa, nikafungwa kitambaa, nikapewa maji, nikapewa peremende, na nilipoinuliwa, askari alikuwa ameshatangulia kulia na watu wanamfuata. Sketi yangu nzuri iliharibika siku hiyo, na ilikuwa ya kanisani.

Wesonga akaja akanishika mkono. "Asante, Mama Joy."

"Usiniguse," nikamwambia. Nilikuwa na hasira sasa, imenijaa mpaka shingoni. "Mara ya mwisho hiyo. Ukiulizwa tena utajibu mwenyewe. Mtoto wa watu ameacha kuolewa anatafuta miti ya Krismasi."

"Nitamwambia tukifika."

"Utamwambia nini?"

Lakini yeye alikuwa amesimama ghafla. Na mimi nikasimama. Kulikuwa na kitu. Mwanzo nilidhani ni lori linapanda mlima mahali fulani mbali, halafu nikakumbuka hakuna lori huku. Haikuwa sauti hasa. Ilikuwa inatoka kwenye udongo, inapita kwenye viatu, inakuja kukaa hapa kifuani, na haikuwa inanyamaza kuvuta pumzi.

"Ni nini hiyo?" Wesonga akauliza.

Joyline alicheka, akadhani babake anatania. Akamshika mkono mmoja, akanishika na mimi mwingine, akatuvuta kwenye njia iliyokuwa inateremka, ngazi za udongo na mbao zenye utelezi, na ile sauti inakua mpaka hatukuweza kusikia miguu yetu. Miti ikaisha. Palikuwa na jukwaa la mbao limejengwa ukingoni, na mbele ya jukwaa dunia ilikuwa imekatwa.

Sijui nitaelezaje. Ninapika chakula kwenye kibanda, sina maneno ya kazi hiyo. Nitasema nilichoona. Mto ulikuwa unatoka ndani ya msitu bila haraka, mto wa kawaida tu, na ulipofika ukingoni ukajiachilia. Ukaanguka, ukagonga mwamba, ukajikusanya, ukaanguka tena, na tena, mpaka chini mahali ambapo macho yangu yalikataa kufika. Nilichagua fungu moja la maji juu kabisa nikalifuata na macho, na likachukua muda mrefu sana kushuka mpaka nikasahau kupumua. Yalikuwa meupe. Hayakuwa na buluu hata kidogo. Na upepo! Upepo ulikuwa unatoka huko chini kwenye bonde, unapanda, umebeba manyunyu, kwa hivyo mvua ilikuwa inatunyeshea kutoka chini. Leso yangu ikainuka yenyewe kichwani. Ng'ambo ya bonde, mbali, mto mwingine ulikuwa umening'inia kwenye msitu, mwembamba, na nikaelewa kwamba hata ule ni mkubwa kuliko jengo lolote la mjini, na hapa hauna hata wa kuutazama.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa, na nilifurahi mpaka nikataka kulia, na sijui ni kipi kilitangulia. Miaka yote hiyo nimekuwa nikipangusa vumbi kwenye pazia letu kwa kitambaa. Nikakumbuka jinsi ninavyolipangusa na nikaona aibu, sijui mbele ya nani.

Hapo ndipo tukamsikia Wesonga.

"Kumbe!" Alikuwa ameshika ukingo wa jukwaa kwa mikono miwili, anapiga kelele kuyashinda maji. "Kumbe ni nyeupe! Kumbe inatoa upepo! Angalia, angalia, haishuki moja kwa moja, inapasuka! Inageuka moshi! Vero! Vero, tulikosea kila kitu!"

Nilifumba macho.

"Mzee," ikaja sauti ya Stacy, haikuwa na ubaya, alikuwa tu ameshangaa, "si ulisema ulishawahi kuja hapa?"

"Nani, mimi?" Wesonga hakugeuka hata. Alijibu kama mtu ameulizwa kama anatumia sukari. "Mimi sijawahi kufika hapa."

Halafu akajisikia.

Niliona mgongo wake ukikauka. Aligeuka pole pole, uso wote maji, na hakumwangalia Stacy wala Mutiso. Alimwangalia Joyline. Na Joyline alikuwa bado anatabasamu, lile tabasamu halikuwa limeambiwa liondoke.

"Baba?"

"Ilikuwa kalenda, mama," akasema. Ilibidi apaaze sauti ili asikike, na hilo ndilo lilinichoma, kwamba hakuweza hata kukiri kwa sauti ya chini. "Kalenda ya maziwa ya unga. Sijawahi kupanda mlima."

"Na nyati?"

"Hakuna nyati."

"Na pango? Ulilala kwa pango."

"Pango pia hakuna."

"Na yule ndege?"

"Huyo ni wa Nyayo."

Mutiso aligeuka upande akajishika mdomo, mabega yanatikisika. Mtu mwingine akakohoa. Joyline hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Mama, ulijua?"

"Nilishika kalenda," nikasema.

Alitikisa kichwa mara moja, akatembea akaenda mwisho wa jukwaa, akatupa mgongo. Mtoto wangu mkubwa, mwenye kazi Kilimani, mabega yamekunjika kama siku ile alipoanguka na baiskeli akakataa kulia mbele ya watoto wa jirani. Mutiso akawaondoa wale wengine taratibu, akawaambia twende tukapige picha kule juu. Stacy alishusha simu yake bila kuambiwa. Nimempenda huyo msichana tangu siku hiyo.

Nikamfuata Joyline. "Kasirika," nikamwambia. "Una haki yote. Mimi mwenyewe nimekasirika."

"Nimepanda Elgon na homa, Mama." Machozi yalikuwa yanatoka, na manyunyu yanayafuta, na yanatoka tena. "Nimetafuta miti ya Krismasi Kenya nzima. Watu wakiniuliza kwa nini unapenda milima, nasema ni Baba. Nawaambia kila mtu ni Baba alinionyesha. Sasa alinionyesha nini? Mfuko wa maziwa?"

Nikageuka kumtafuta huyo mzee niweze kumpa yale maneno ya akiba. Nikamwona, na maneno yakaniponyoka.

"Mwangalie babako," nikasema.

Wesonga alikuwa amesimama peke yake ukingoni. Nilidhani nitamkuta ameinamisha kichwa, lakini alikuwa ameyarudia maji. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka hewani, vidole vitatu vimeshika brashi ambayo haikuwepo, na ulikuwa unashuka, unasimama, unakataa, unarudi juu kuanza tena. Midomo ilikuwa inasonga. Alianza upya, akakosa, akaanza upya. Kila mara mkono ulichelewa na maji yalikuwa yameshapita. Na alikuwa analia, si ya aibu. Ninamjua. Alilia hivyo siku Joyline alipozaliwa Pumwani, nesi alipomfunulia uso wa mtoto.

Joyline alimtazama kwa muda mrefu. Sikumsukuma. Kisha akajipangusa uso na mkono wa sweta, akaenda akasimama kando yake. Nikaenda nyuma yao, maana mimi lazima nisikie.

"Baba. Kwa hivyo hii ndiyo ya kwanza?"

Mkono ukashuka. "Ya kwanza, mama."

"Hujawahi kuona hata ndogo?"

"Bomba likipasuka."

Alitaka kucheka akajizuia. "Na ni nani amekuleta?"

"Wewe."

"Sema tena, maji inapiga kelele."

"Wewe, Joyline! Wewe ndiye umenileta!"

"Basi," akasema, na sauti ilikuwa inatetemeka lakini kidevu kilikuwa juu, "kuanzia leo nitaambia watu ni mimi nilikuonyesha. Na wewe useme hivyo. Mgeni akikuja, akiuliza, useme hivyo."

"Nitasema," Wesonga akajibu. "Nitawaambia binti yangu ndiye alinionyesha maji."

Akamkumbatia, viatu vya chungwa na yote. Nikawaacha kidogo. Halafu nikasema kwa sauti kubwa kwamba na mimi pia ni mara yangu ya kwanza, na nimetembea na sketi imejaa matope, na hakuna aliyeniuliza mimi nimeonaje.

"Umeonaje, Mama?" Joyline akauliza, sasa anacheka na kulia pamoja.

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikaangalia tena kule. Nikaufunga.

Joyline akampa babake simu. "Tupige picha, mimi na Mama. Unajua kupanga watu, si hiyo haikuwa uongo?"

"Hiyo ilikuwa kweli," akasema, na akanyooka, akawa tena Wesonga wa studio. Akatusogeza kushoto. Akarudi nyuma, akafunga jicho moja. "Mama Joy, mkono kwa kiuno. Joy, kidevu chini kidogo. Msicheke sana. Sasa mtulie hivyo hivyo."

Tukatulia, maji yanatunguruma mgongoni, manyunyu yanaingia kwenye kola. Tukangoja. Mkono wangu ukaanza kuchoka kiunoni.

"Baba, umepiga?" Joyline akauliza bila kusogeza midomo.

Simu ilikuwa imeshuka mpaka kifuani kwake, na macho yake yalikuwa yamepita juu ya vichwa vyetu. Nikavuta pumzi nimgombeze, lakini Joyline akanibana mkono. Kwa hivyo tukabaki hivyo hivyo tulivyopangwa, tukimsubiri amalize kuangalia.